Mbwa anaanguka, anatoa povu, kisha anaamka mzima: ni kichaa cha mbwa?

*"Shikamoo daktari. Tunaishi Ipuli, Tabora. Tuna mbwa dume, Popi, ana mwaka mmoja na miezi miwili, kilo kama 22, chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji. Tulipewa na rafiki wa mume wangu kule Urambo akiwa na miezi miwili. Wiki tatu zilizopita, saa tisa usiku, tulisikia kishindo barazani. Tukamkuta kalala ubavu, kakakamaa, kisha miguu ikaanza kupiga kama anaogelea, meno yanagongana, povu linatoka, akajikojolea. Ilichukua kama dakika mbili. Alipoamka hakutujua, akawa anazunguka na kujigonga ukutani. Baada ya nusu saa akala kiporo chote. Jumapili iliyopita imemrudia alfajiri, vilevile. Katikati hapo yuko mzima, anabweka, anakimbiza kuku. Jirani anasema ni kichaa, tumuue kabla hajang'ata watoto. Mama mkwe anasema ametupiwa kitu kilichokuwa kitupate sisi. Dukani kwenye dawa za mifugo wameniuzia unga wa njano wa ndorobo, wakasema nichanganye na maji nimdunge mililita 5. Kachanjwa kichaa mara moja, akiwa na miezi minne. Chanjo nyingine hapana. Mume wangu analima tumbaku, dawa za shamba zinakaa stoo ya uani. Sijamdunga bado. Nifanye nini?"*

Marahaba, dada. Naanza na neno lako la mwisho, maana hilo ndilo linaloweza kumuua Popi wiki hii: usimdunge huo unga. Uweke mahali watoto wasipofika, halafu tuzungumze.

Kwa maelezo yako, unga huo ni diminazini. Ni dawa nzuri, ng'ombe wengi wa Tabora wako hai kwa sababu yake, na hata mbwa tunawapa wakiwa na ndorobo kweli, yaani ugonjwa wa vimelea vya damu unaoenezwa na mbung'o. Shida ni kipimo. Pakiti ndogo ya gramu 2.36 huchanganywa na maji mililita 12.5, na mchanganyiko huo unatosha mnyama wa kilo 300. Sasa piga hesabu ya kilo 22: haifiki hata mililita moja. Ukimdunga 5 umempa zaidi ya mara tano ya anachostahili, na kwa dawa hii mbwa hana nafasi ya kukosewa. Ikizidi, inaweza kuvujisha damu ndani ya ubongo. Siku moja au mbili baadaye utamwona anayumba, anapinda shingo, macho yanachezacheza, na mwisho anapata degedege lilelile ulilotaka kumtibu. Ivermektini ya ng'ombe (dawa ya minyoo na wadudu) ikipimwa kwa macho nayo ina hatari ya aina hiyo. Halafu jambo jepesi kabisa: hakuna aliyempima Popi damu akaona ndorobo.

Nije kwa jirani. Simlaumu. Kichaa cha mbwa kipo nchini, kinaua, na wengi wanaokufa ni watoto, kwa hiyo anayekwambia uwe mwangalifu anakupenda. Ila kalenda inamkatalia. Virusi vya kichaa vinaweza kukaa mwilini wiki au miezi bila dalili yoyote, lakini vikishafika kwenye ubongo na dalili zikaanza, mbwa hufa ndani ya siku kama kumi hivi. Popi alianguka mara ya kwanza wiki tatu zilizopita. Lile lingekuwa kichaa, leo ungekuwa unaniuliza kuhusu kaburi. Mbwa mwenye kichaa hapati dakika mbili za kutikisika kisha akarudi kukimbiza kuku kwa siku ishirini. Tabia inageuka, sauti ya kubweka inabadilika, taya linalegea, kumeza kunamshinda, na kila siku inakuwa mbaya kuliko jana.

Najua kinachowatisha watu ni povu. Povu la Popi ni mate yaliyopigwapigwa na taya linalogongana, kama sabuni kwenye beseni. La mbwa mwenye kichaa ni mate yanayoning'inia kwa sababu koo limepooza na hawezi kuyameza. Hata hivyo sikwambii upuuze. Mtu yeyote aking'atwa na Popi, awe katikati ya kutikisika au la, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kwa kutazama saa, kisha aende hospitali ya Kitete au kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo. Na chanjo ya kichaa hurudiwa baada ya mwaka. Kwa hesabu yako bado miezi miwili. Usiiruke kwa sababu anaanguka.

Mama mkwe simbishii. Wazee walilihusisha degedege na dege, ndege wa usiku, muda mrefu kabla yetu sisi wenye sindano, na mtu akiliona kwa mara ya kwanza saa tisa za usiku, kwa mwanga wa tochi, hawezi kulaumiwa akifikiria jini. Nitakachomwomba ni kimoja tu: asimfukizie kitu wala kumnywesha dawa akiwa chini, na ajue kwamba povu la kifafa haliambukizi mtu.

Sasa tuelewane kuhusu maneno. Degedege ni tukio: ile kukakamaa na kupiga miguu. Kifafa ni ugonjwa wa degedege linalojirudia lenyewe. Degedege moja si kifafa, kama kikohozi kimoja kisivyo kifua kikuu. Seli za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo mno; kemikali fulani huzichochea, nyingine huzituliza, na mzani huo ndio unaotuwezesha kutembea bila kutikisika. Wewe ni mtu wa Tabora, mizinga unaijua. Nyuki elfu kwa elfu wako humo ndani, kila mmoja na kazi yake, kuna mvumo tu wa chini. Gonga pembeni, kundi dogo linaamka, hilo linaamsha lingine, na kufumba na kufumbua mzinga wote uko nje. Ndivyo degedege linavyoanza: kona moja ya ubongo inalipuka, jirani zake wanafuata. Umeme ukiisha nguvu, ubongo unabaki umechoka, na ndiyo maana Popi hakuwajua, akajigonga ukutani (kwa muda ule huenda hakuwa akiona sawasawa), kisha akala kama hajala siku tatu. Yote hayo ni ya kawaida baada ya degedege na huisha yenyewe, kwa dakika au kwa saa kadhaa.

Swali basi ni nani aliyegonga mzinga. Anaweza kuwa mtu wa nje: sumu, sukari kushuka, ini lililoharibika. Anaweza kuwa mdudu aliyeingia ndani: virusi, vimelea, uvimbe, kovu la pigo la kichwa. Au hakuna aliyegonga kabisa, ila nyuki wa ukoo huo ni wakali kwa asili. Huo wa tatu ndio kifafa cha kurithi au kisicho na sababu inayoonekana, na kwa mbwa aliyeanza akiwa kati ya miezi sita na miaka sita, ambaye yuko mzima kabisa katikati ya matukio, ndiyo sababu inayoongoza. Popi amekaa humo. Damu ya German Shepherd inaongeza uzito, maana ni mojawapo ya koo zinazojulikana kurithishana kifafa, na hata saa zake zinalingana: matukio mengi huja mbwa akiwa amelala au ametulia.

Lakini kifafa cha aina hiyo hakina kipimo chake. Tunakifikia kwa kuondoa vingine kimoja kimoja.

Cha kwanza kwangu, kwa nyumba yako, ni stoo ya uani. Niliwahi kuitwa nyumba moja njia ya Sikonge, mbwa anatetemeka tangu asubuhi, wenyewe wanaapa hajala kitu. Nikazunguka nyumba. Nyuma ya bani (banda la kukaushia tumbaku) kulikuwa na beseni la plastiki lililochanganyiwa dawa ya kitalu cha tumbaku wiki iliyopita; mvua ilikuwa imelijaza, na pembeni yake nyayo za mbwa kwenye tope, za kwenda na kurudi. Alikuwa akinywa humo. Dawa nyingi za wadudu za kundi la ogano-fosfeti huzuia kimeng'enya kinachozima ujumbe wa neva, kwa hiyo kila neva inabaki imewashwa: mate, machozi, mkojo na kuhara kwa pamoja, mboni za macho zinakuwa ndogo kama kichwa cha pini, misuli inachezacheza, kisha degedege. Jani la tumbaku lenyewe lina nikotini, na mbwa akilitafuna hutapika haraka kabla hajaanza kutetemeka. Dawa ya kuogeshea kupe ikichanganywa kali kuliko ilivyoandikwa kwenye chupa ni njia nyingine, na sumu ya panya ya kununua kwa kipimo cha kizibo ni nyingine tena.

Je, Popi anafanana na huyo? Kwa maelezo yako, hapana. Sumu haiji dakika mbili ikaondoka wiki tatu. Mbwa aliyekula sumu hutetemeka kwa saa nyingi, anatapika, anaharisha, na ama anapona ama anakufa. Ila anaweza kuirudia, kama yule wa kwenye beseni. Kwa hiyo nenda ukaangalie. Stoo ifungwe, mabeseni na makopo ya kuchanganyia yafunikwe au yageuzwe, na jikumbushe kama mlimwogesha dawa ya kupe siku moja au mbili kabla ya lile la kwanza au la Jumapili.

Cha pili, na hiki ndicho kinachonikosesha usingizi kidogo kuhusu Popi, ni distempa. Umesema hana chanjo nyingine. Distempa ni virusi vinavyoanza kama mafua: matongo, makamasi mazito, kikohozi, kuhara. Baadhi ya mbwa wanapona, wenyewe wanashukuru, kisha wiki au miezi baadaye virusi vilivyobaki kwenye ubongo vinaanza kazi. Ndivyo vilevile vilivyoua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994, na watu waliona simba wakianguka na kutikisika mbugani. Binadamu haviwapati.

Kuna mambo matatu ya kuangalia nyumbani. Popi akilala usingizi, tazama kama kuna msuli mmoja, wa paji la uso, bega au mguu, unaoruka kwa mapigo yaleyale kama saa ya ukutani, bila kukoma. Kuota na kurusharusha miguu si hilo. Hilo lina mdundo. Pili, angalia kama kuna nyakati anatafuna hewa, taya linakwenda harakaharaka kama anakula bigijii, naye yuko macho. Tatu, akiwa ametulia, mnyanyue mdomo wa juu kwa kidole gumba utazame meno ya mbele. Meno ya mbwa wa umri wake yanapaswa kuwa meupe na laini. Ukiona yana mashimomashimo na mistari ya kahawia, kama ukuta uliobanduka chokaa, huenda aliugua homa kali alipokuwa mdogo, meno ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka kwenye fizi. Distempa huacha alama hiyo. Hatuwezi kuhukumu kwa meno peke yake, lakini daktari wako atataka kujua.

Ndorobo na magonjwa ya kupe siyaachi, maana misitu ya miombo inayozunguka Urambo na Uyui ina mbung'o wa kutosha. Mbwa mwenye ndorobo lakini huonekana mgonjwa: homa, fizi nyeupe, anakonda, uso au miguu inavimba, na mara nyingi jicho linapata ukungu wa bluu. Tone la damu kwenye kioo chini ya hadubini linaweza kuonyesha vimelea hivyo na vile vya kupe, na si kipimo cha gharama.

Ini na sukari nitavipitia haraka. Sukari kushuka ni ya vitoto vidogo vyenye minyoo mingi na tumbo tupu. Popi si kitoto. Mbwa anayezaliwa na mshipa unaokwepa ini hudumaa, na mara nyingi huzubaa au kuanguka baada ya kula. Wako alianguka akiwa amelala na ana kilo 22. Ila naomba uangalie pumba mnayompikia. Mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu, ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mbwa halina ubavu nayo. Pumba iliyopata unyevu ikanuka, usimpe, na usiwape kuku pia.

Akianguka tena, jambo la kwanza ni kutazama saa. Dakika mbili za degedege mtu huziona kumi, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Ondoa viti na mawe karibu yake, zima taa kali, watoto watoke. Mkono wako ukae mbali na mdomo wake. Mbwa hamezi ulimi wake, hilo halitokei, wala kijiko, kijiti, kiatu cha kunusishwa na kitunguu havisaidii. Kinachotokea ni vidole vya mwenye mbwa kukatwa na mbwa asiyejua anafanya nini. Na maziwa! Kila nyumba niliyofika kwa ajili ya sumu nimekuta kikombe cha maziwa au mafuta ya kula. Mbwa asiye na fahamu hamezi, yanaingia kwenye mapafu, na unamaliza siku na nimonia juu ya tatizo ulilokuwa nalo. Kama kuna mtu mwingine hapo, mwambie arekodi kwa simu, kuanzia uso hadi miguu. Video ya sekunde thelathini inanifaa kuliko maelezo ya nusu saa, kwa sababu mbwa mwenye moyo dhaifu anaweza kuzimia, na ukisimuliwa unafanana sana na degedege.

Likipita dakika tano halijakoma, au likaisha likarudi kabla hajapata fahamu, au yakatokea mawili na zaidi ndani ya siku moja, hiyo ni dharura, usiku au mchana. Misuli inayotikisika bila kupumzika huchemsha mwili kupita nyuzi 41, na joto hilo hupika ubongo. Mloweshe maji ya kawaida tumboni na kwenye nyayo, mpepee, mpandishe kwenye gari au bajaji mkielekea kwa daktari huku mmempigia simu. Daktari ana diazepamu, dawa ya kuzima degedege, ya kupitisha njia ya haja kubwa au kwenye mshipa, na mkiwa na mbwa wa namna hiyo anaweza kuwafundisha kuitumia nyumbani.

Popi hajafika huko. Ila wiki hii apelekwe kwa daktari wa mifugo. Anza na ofisi ya mifugo ya manispaa. Omba mambo haya: apimwe mwili mzima pamoja na mishipa ya fahamu (macho, mwendo, namna anavyorudisha mguu uliokunjwa), kipimo cha damu kwa vimelea, na kama kinapatikana, cha ini na sukari. Tabora ina kituo cha TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, kwa hiyo sampuli haina haja ya kusafiri hadi Dar es Salaam. Picha ya MRI ya ubongo, ambayo ndiyo ingeona uvimbe au kovu, usiitegemee kwa mbwa hapa. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro, nayo ni ya kufikiria kama vipimo vya hapa vitaonyesha kitu cha ajabu au dawa ikigoma. Kwa mbwa wa umri huu akikutwa mzima kila mahali, madaktari wengi huridhika kuita kifafa na kuendelea, nami ningefanya hivyo.

Halafu linakuja swali gumu la dawa. Wengi wetu huanza dawa mbwa akipata matukio mawili au zaidi ndani ya miezi sita. Popi ana mawili ndani ya wiki tatu, kwa hiyo amevuka mstari. Dawa ya kwanza ni fenobabitoni. Irudie picha ya mzinga: ni moshi. Moshi unatuliza nyuki, haubadilishi ukoo wao. Anapewa kila baada ya saa 12, na inachukua kama wiki mbili damu kutulia nayo. Siku hizo za mwanzo atayumba na kusinzia, usiogope. Baadaye atakula sana, atakunywa sana, atakojoa sana. Inahitaji damu ipimwe mara kwa mara kuangalia kiwango na ini. Na haikatishwi ghafla, hata pesa ikiisha, hata akikaa mwaka bila kuanguka, kwa sababu kuikata ghafla ndiyo njia ya uhakika ya kupata lile degedege lisilokoma. Ni dawa inayodhibitiwa, hutolewa kwa cheti. Usichukue vidonge vya ndugu mwenye kifafa ukavigawa nusu.

Sitakuficha kwamba karibu mbwa mmoja kati ya watatu hatulii vizuri kwa dawa, na hata wanaotulia wengi bado huanguka mara mojamoja. Tunalenga matukio yapungue na yawe mafupi. Kama mnaona hamtaweza vidonge mara mbili kila siku kwa miaka, mwambieni daktari hivyo kabla ya kuanza. Kusubiri mwezi mmoja huku mkiandika kila tukio kwenye daftari (tarehe, saa, dakika ngapi, alikula nini, aliogeshwa lini) ni bora kuliko kuanza na kuacha. Wapo mbwa wanaoanguka mara mbili kwa mwaka bila dawa na wanazeeka.

Watoto wanaweza kuendelea kucheza naye. Wafundishe tu kwamba akianguka, wao wanakimbilia kwa mama, hawamkimbilii Popi, na akiamka wampe nusu saa kabla ya kumshika. Asipandishwe majike, kama ni kifafa cha ukoo, atakigawa.

Na leo jioni, mume wako ampigie yule rafiki yake wa Urambo. Amuulize kama Popi aliwahi kutoka matongo na makamasi kabla ya kuondoka kwao, na ndugu zake wa uzao ule wako wapi. Kama kuna mwingine anayeanguka, daktari akiambiwa hilo mlangoni, nusu ya kazi yake imekwisha.